Majani Niliyoletewa Edani

Mume wangu alifariki wiki tatu baada ya kuachilia wadudu wadogo, utitiri wawindaji, kwenye pilipili hoho zetu. Walitoka Arusha kwa basi, ndani ya chupa ya pumba, naye akawanyunyiza juu ya majani kama mtu anayetia chumvi. Wadudu hao hawagusi mmea. Wanakula utitiri mwekundu, ule unaofyonza majani mpaka yanageuka manjano. Alishachoka na dawa za sumu na kikohozi zilichomletea. Asubuhi moja presha ikamwangusha akivaa viatu.

Nikakaa eda. Kitalu nyumba chetu, kibanda cha nailoni cha kulimia hoho, kiko hapa hapa Zinga, si mbali na nyumbani, lakini kwa miezi minne na siku kumi sikukikanyaga. Aliyekishika ni wifi yangu, dada wa marehemu, fundi cherehani asiyejua kilimo. Kila adhuhuri aliniletea mfuko wa majani, nami nikayatazama mkekani kwa kioo cha kukuzia cha mume wangu.

"Huyu mzito, mwenye madoa mawili meusi, ndiye mharibifu," nilimwambia. "Huyu wa rangi ya chungwa anayekimbia ndiye wetu."

Waliokuja kunipa pole walilia. Mimi niliwauliza kama chai ina sukari ya kutosha. Chakula nilikitafuna bila kujua ni samaki au mchicha. Utitiri niliuhesabu vizuri kwa sababu haukunitaka niseme lolote.

Mwezi wa pili wa eda waharibifu walizidi, majani yakaja na utando mwembamba.

"Wifi, mimea ya ndugu yangu ife hivi hivi naitazama?"

"Subiri. Wetu wanazaliana, watawafikia."

Siku ya tatu alikuja mikono mitupu. Akasimama mlangoni.

"Nimepiga dawa," alisema. "Muuza pembejeo aliniambia ni ya utitiri. Nikadhani itaua wale wabaya tu."

Nilijua hapo mtu hupiga kelele. Nilingoja kelele zinitoke, hazikuja. Ilikuwa kama nasimuliwa habari za nyumba ya watu wengine. Nikamwambia aingie, wali upo.

Majani ya kesho yake hayakuwa na kiumbe hai. Baada ya wiki moja wekundu walikuwa wameanza kuanguliwa tena, wetu hawakuonekana. Niliendelea kutazama kwa mazoea tu, mpaka siku moja kitu cha rangi ya chungwa kikakatiza mbio chini ya kioo.

"Hili umelichuma wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji. Bomba liliniishia dawa kabla sijafika, mgongo ukanikatalia kurudi kujaza."

Nilimwambia angoje kwanza sumu iishe nguvu. Kisha akakata majani yenye wawindaji wengi, akayafunga kwa uzi wa cherehani kwenye mimea iliyopigwa dawa, mstari baada ya mstari. Alifanya hivyo siku tisa. Alikuja nyumbani shingo imekakamaa, akinionyesha vidole vilivyokatwa na uzi.

Mistari ya mlangoni ilikuwa imekwisha kufa, akaing'oa. Mingine ikatoa majani mapya, safi. Hoho zilikuwa ndogo, lakini mama wa sokoni Bagamoyo alizichukua.

Nilipotoka eda nilioga, nikavaa, nikaenda. Ndani ya nailoni joto lilikuwa lile lile. Nilisimama pale alipopenda kusimama mume wangu, nikangoja. Nilisikia maji yakidondoka kwenye mipira, basi.

Wifi alikuwa nyuma yangu.

"Umenisamehe?"

"Sikukasirika."

"Ningependa ukasirike," alisema. "Ulivyoniambia nile wali, nilikwenda kulia njiani. Nilijiona nimewazika wote wawili, ndugu yangu na wewe."

Nilimshika mkono, ule wenye vidole vya makovu, nikaushika kwa muda mrefu bila kujua kama namfariji au ninajishikilia. Baadaye akanipa ndoo. Yeye akachukua mstari wa kushoto, mimi wa kulia, tukachuma mpaka adhana ya alasiri.