Mkoba wa Biira

Dada yangu Masika alinipigia simu Arusha akiwa amekasirika: vitabu vya watoto vimerudi vimelowa tena. Kila Jumamosi yeye hujitolea kuwasomea watoto kwenye baraza ya kanisa huko kwetu Bwera, mpakani, kisha huwaazima vitabu vilivyopatikana kwa ruzuku ndogo ya jumuiya. Sasa ameapa: asiye na mkoba wa kuzuia mvua, kitabu hakiendi nyumbani. Wenzangu wa kikundi cha ushonaji wakashona mikoba ya turubai, kila mmoja utariziwe jina la mtoto, nami nikafunga safari.

Kasese nilifika asubuhi, milima imejifunika mawingu kama zamani. Nikaagiza chai na chapati, nikafungua gunia la mikoba lililofungwa wakati sipo. Lahaula! Kwetu Wakonzo mtoto huitwa kwa nafasi yake ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, kama mimi. Kwa hiyo majina niliyompa Mama Neema, fundi wetu wa kutarizi, yalikuwa Masika, Biira, Masika tena, Biira tena. Yeye akadhani nimechanganyikiwa, akayaondoa yaliyojirudia. Kila jina lilikuwa na mkoba mmoja tu! Nilicheka mpaka mwenye hoteli akaniangalia, kisha nikatamani kulia.

Tulipopita njia panda ya Katwe, nilimkumbuka baba. Alikuwa akikata chumvi katika ziwa la huko, na siku moja alirudi na kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na chumvi. Hatukuwa na kingine. Mimi na Masika tulikisoma kwenye mkeka mmoja, naye alikuwa akifunua ukurasa kabla sijamaliza. Nikipiga kelele, ananijibu, "Wa pili angoje!" Nilikua nikizijua hadithi zote nusunusu. Jamani, nimeukumbuka mkeka ule!

Bwera, Masika alinikumbatia akaniambia nimenenepa. Nilipomwonyesha mikoba, aliihesabu mmoja mmoja.

"Si kitu," akasema. "Akina Biira watapokezana. Mkoba utatembea na kitabu, nyumba kwa nyumba. Sisi hatukupokezana?"

"Wewe? Wewe ulikuwa unanyang'anya!"

Jumamosi, baraza ilijaa. Masika akainua mkoba mmoja, akaita, "Biira!" wakasimama wasichana kibao, wakicheka. Mmoja akabaki ameketi kando ya bibi yake, akiutazama mkoba ule. Bibi yake akaniambia kwamba walikimbia vita Butembo, ng'ambo ya mpaka. "Mutoto alikuwa na kitabu yake, ikabakia kule. Kila Jumamosi tunakuja, anasikiliza, tunarudia mikono mitupu. Jina yake haiko kwa mikoba yenu."

"Anaitwa nani?" Masika akauliza.

"Kavira."

Masika akapiga makofi. "Mama, si ni binti wa pili? Kavira wa kwenu ndiye Biira wa kwetu! Simama, mwanangu!"

Msichana akasimama polepole. Akina Biira wengine wakaanza kusukumana, kila mmoja anataka kuanza yeye. Nikapaza sauti: "Biira mkubwa hapa ni mimi, na mimi nasema aanze Kavira. Mwenye neno aje kwangu!" Hakuja mtu. Bibi yake akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Kavira akatoa kitabu mkobani, akaja kukaa nami mkekani, tukasoma wote kimyakimya. Alipofika mwisho wa ukurasa, akaweka kidole pembeni, lakini hakufunua. Akanitazama.

"Umemaliza?"

Nilikuwa nimemaliza, lakini nikamwambia bado, ili tu anisubiri kidogo. Masika, aliyekuwa nyuma yetu, akaja kuketi ukingoni mwa mkeka.

Jumatatu nikaondoka. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na kando ya barabara nikamwona Kavira akielekea shule, kichwa wazi, amelowa chapachapa, mkoba ameukumbatia kifuani. Niliilaumu sana mikoba ile kule Kasese, lakini kama isingepungua, nisingejua kwamba kuna mtoto anayeweza kumngoja mwenzake.

Arusha nikamsimulia Mama Neema. Alishika mdomo kwa aibu, kisha akatunga uzi kwenye sindano.

"Haya, nitajie upya. Wote. Safari hii siondoi hata moja."

Nikaanza: Masika. Masika. Biira. Biira. Biira. Kavira.