Gari Lililooshwa Ziwani

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipofuatana na shangazi yangu Masika kwenda mtaa wa Mengo kutazama gari lililotumika. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, na Kampala ilianza kujaa magari makubwa, yale marefu ya kupanda milima, ambayo watu wa nchi nyingine walikuwa wamekwisha kuyachoka. Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha picha ya gari jeupe ukasema, "Hili halina shida." Hilo neno lako ndilo lililonikosesha raha. Kaa kwanza, unisikilize.

Shangazi alikuwa mjane kutoka Butembo, Kongo. Alinunua samaki wakavu Ggaba, ufukweni mwa ziwa, na kuwapeleka mpakani, Bwera, akiwapakia kwenye malori ya watu. Lori likilala njiani, samaki huota ukungu. Na mteja aliyeletewa ukungu mara moja hangoji kuletewa tena. Wateja walikwisha kuanza kumkimbia. Ndipo akauza shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, akaazimia kununua gari lake mwenyewe, lenye nguvu ya kuhimili matope na mabonde ya njia ile.

"Nikikosea gari hili," aliniambia, "sina shamba la pili."

Tulikuwa na magari mawili ya kuchagua. La kwanza tulilitazama Kansanga, kwa daktari wa mifugo aliyestaafu: la kijivu, lenye mikwaruzo ubavuni, kiti cha dereva kimechanika, ndani likinuka mbuzi. La pili ndilo hilo la Mengo. Tulikwenda na jirani yetu Otieno, fundi kutoka Kisumu, mtu wa maneno mengi na mfuko mzito wa spana.

Mwanangu, lile la Mengo lilikuwa jeupe kama shuka la arusi. Mwenye gari alikuwa ndani ya nyumba, akamwachia dereva wake, kijana mmoja Mganda aitwaye Kato, kazi ya kutuonyesha. Kato alisimama kando na kitambaa begani, akifuta hata mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Hakuficha kwamba alitumaini atakayelichukua gari atamchukua naye.

Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa vya magari, nikajitanguliza. Niliweka kiganja juu ya boneti; ilikuwa baridi, nami nikaridhika, kwa kuwa injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika ni kama mgonjwa aliyemezeshwa dawa mlangoni mwa daktari: maradhi yake hayaonekani. Iliwaka mara moja, bila moshi mzito. Oili kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa njema. Otieno akalala chali chini ya gari, akagonga chesisi huku na huku, akatoka akijipangusa.

"Mama, hii kitu iko sawa. Haijapigwa welding popote."

"Kizuri chajiuza," nikasema kwa majivuno.

 Shangazi alikuwa akilizunguka gari polepole, mikono nyuma, kwa udadisi wa mtu anayetazama uso wa mgeni. Kisha akamgeukia dereva.

"Baba, hili gari unaliogesha wapi? Hata mtoto wa kwanza haogeshwi hivi."

Kato akacheka kwa furaha, akimwita mama kwa Kiganda. "Nyabo, mimi naosha yeye Ggaba, ndani ya ziwa. Kila jioni tukitoka safari. Naingiza mpaka tairi zinapotea, maji inafika kwa mlango. Mengo yote hakuna gari safi kama hii!"

Otieno alikuwa anafunga mfuko wake. Akaacha.

"Unaingiza ikiwa bado moto?"

"Moto kabisa. Si imetoka safari? Pale inapoa vizuri."

Otieno akarudi chini ya gari. Katikati ya ekseli ya nyuma kuna bonge la chuma lenye meno ya kuzungusha magurudumu. Mafundi huliita difu, nalo lina mafuta yake mbali na ya injini. Akalegeza nati ya chini. Kilichotiririka hakikuwa mafuta ya rangi ya asali. Kilikuwa kitu kizito, cheupecheupe, kama chai iliyozidishwa maziwa. Difu ya ekseli ya mbele nayo ilikuwa hivyo hivyo.

"Haya meno yamekunywa maji siku nyingi," akasema. "Mlima wa kwanza wa Kasese yanakatika."

Nikaona fahari kueleza sababu. Chuma cha moto, nilisema, kina hewa iliyotanuka ndani yake. Kikitumbukizwa ghafla katika maji baridi, hewa ile hunywea, na inaponywea huvuta. Na kwa kuwa kimezungukwa na ziwa, kitavuta nini kama si ziwa, kupitia mipira ya kuzibia, ya zamani, iliyochoka? Maelezo yangu yalikuwa sahihi. Ulimi wangu ndio uliopotoka. Nikamgeukia Kato nikasema, "Ndugu yangu, umelipenda mpaka umeliua. Siku nyingine linyweshe na sabuni!"

Otieno akaangua kicheko. Kato alichuchumaa, akachovya kidole katika yale mafuta, akanusa, akajifuta kwa kile kitambaa chake safi.

"Mtoto wa kaka," Shangazi akaniambia, bila kupaza sauti, "wewe umejua kwa nini maji yameingia difu. Je, umejiuliza kwa nini mtu huyu aliingia ziwani?"

Swali hilo halikuwa limenijia.

Akamwuliza Kato mwenyewe. Naye akasema akitazama chini: "Nyabo, bosi alisema, gari ikilala na vumbi, asubuhi nitafute kazi kwingine. Hapa bomba haina maji kila siku. Ziwa iko kila siku. Madereva wote tunaosha kule."

"Na bosi alitazama chini ya gari lini?"

"Chini? Yeye anapitisha kidole juu ya boneti tu."

Shangazi alibisha hodi, akamweleza mwenye nyumba waziwazi alichokiona, ili asije mnunuzi mwingine akaangamia nacho. Yule bwana alikasirika, akasema wanawake wa sokoni wasimfundishe magari. Tukaaga kwa heshima.

Siku hiyo hiyo tulirudi Kansanga. Shangazi akamwuliza daktari swali lile lile, naye mzee akashangaa: "Kuosha? Mvua huliosha. Lakini kila nilipovuka mto kufuata ng'ombe, nilifungua mafuta ya chini nikayatazama." Otieno akafungua. Asali tupu. Lile la Mengo lilikuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ubaya wa lile gari la kijivu ulikuwa ngozi tu.

Alilinunua. Kisha akatuma mtu Mengo amwite Kato awe dereva wake.

"Mama, huyu ataua na hii!" Otieno akapiga kelele.

"Otieno, mtu aliyekwenda ziwani kila jioni bila kukosa, atashindwa kufungua nati kwa wakati wake? Bidii anayo. Alikosa wa kumwambia aielekeze wapi."

Kato aliendesha gari lile njia ya Bwera miaka mingi. Lilikuwa chafu kwa namna ya kutia aibu, na samaki walifika wakavu.

Basi, mwanangu, kabla hujapenda rangi, uliza gari limeishi wapi, limevuka nini, na mwenye gari alikuwa akikagua nini. Kwa kuwa mtumishi hutunza kile kinachotazamwa. Likute injini ikiwa baridi. Fungua mafuta ya difu zote mbili na ya gia, si ya injini peke yake. Likiwa lako, liache lipoe kabla halijagusa maji, na likivuka mto, chungulia tumbo lake. Tairi zote nne ziwe za kimo kimoja, maana zikitofautiana, meno ya ndani hutafunana. Ile gia ya kuvuta magurudumu yote, itumie mara moja moja kwenye udongo, isije ikakataa siku ya tope. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukikuta kosa la mtu, uliza chanzo chake kabla hujacheka. Kicheko hufunga mlango ambao swali lingeufungua.

Mungu akujalie chombo kitakachokufikisha uendako, breki zikutii kwenye miteremko, na kila utakayemkabidhi ufunguo wako akutane na watoto wake jioni akiwa mzima.