Mahindi ya Ziara

Kwetu, milimani juu ya Mbinga, kila aina ya mgeni ilikuwa na neno lake. Shangazi akifika na kuku kwapani, huyo amekuja kutusalimia. Wajomba wakifika wanne, wamevaa makoti, wakakaa bila kugusa chai, hao wamekuja na maneno, na sisi watoto tulitumwa kuchota maji hata kama ndoo zimejaa. Padri yeye alipita tu. Hata amalize sahani nzima ya ugali na maharage, bado ilisemwa kwamba alipita. Ziara lilikuwa neno la serikali peke yake. Kwenye ziara haji mtu, linakuja gari.

Neno hilo nililichukia kabla sijajua maana yake. Likitajwa mkutanoni, watu wazima walianza kutazama miguu yao. Mwaka mmoja ziara ilikwenda kwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, wakamsifia shamba, na kabla ya mwaka kwisha kipande cha shamba hilo kikapimwa kiwe kitalu cha kijiji. Mwaka mwingine ilikwenda zahanati, na mganga aliyejibu maswali vizuri mno akahamishwa. Mama alikuwa na msemo wake: "Ukisifiwa na ziara, funga mizigo."

Kisha zamu yetu ikafika. Mtendaji wa kijiji alikuja asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, pamoja na bwana shamba, akatusomea ratiba akiwa amesimama. Mgeni rasmi atawasili. Mgeni rasmi atahutubia. Mgeni rasmi atatembelea shamba la mkulima bora wa kahawa. Mkulima bora alikuwa baba. Baba akashukuru, lakini mikono yake ilikuwa ikiikamua kofia kana kwamba imelowa.

Niliijua sababu. Kahawa ilikuwa imeacha kutulisha. Bei ilianguka, ushirika ukawa unasuasua, na wanunuzi binafsi tuliwasikia redioni tu. Mwaka uliotangulia baba na mama walikuwa wameng'oa mibuni yote ya upande wa bondeni. Mama akachimba ngolo zake pale, yale mashimo yetu ya mteremkoni yanayozuia mvua isiondoke na udongo, akapanda mahindi. Yalikuwa yamenifika magotini. Hayo ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka mzima, na hatukuwa na mengine. Na kung'oa kahawa lilikuwa kosa, hata shuleni tulifundishwa hivyo. Mzee mmoja wa Mkumbi alilala mahabusu kwa kosa hilo, akarudi hazungumzi na watu.

Mtendaji alipotangulia njiani, bwana shamba alibaki nyuma.

"Mzee, usinitie kitanzi," alisema. "Kwenye taarifa yangu shamba hili lote ni kahawa."

"Sasa tufanyeje?"

"Mgeni hashuki bondeni, ataharibu viatu. Atasimama hapa juu, kwenye migomba. Kata matawi ya mibuni iliyobaki, uyachomeke kule chini. Kwa mbali, jani ni jani."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Baba watoto, na mahindi?"

Baba aligeuka kutazama bondeni. "Yataonekana," alisema. "Yanapaswa kuondoka."

"Basi utayang'oa wewe. Mimi mkono wangu haugusi."

Aliyang'oa yeye, siku mbili kabla ya ziara, mstari kwa mstari. Mizizi ilikuwa ikitoa mlio mdogo inapoachia udongo. Mama alikaa kizingitini, ametupa mgongo, akichambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Mahindi tuliwatupia nguruwe. Kisha nikambebea baba matawi tuliyokata kwenye mibuni mizima ya juu, ile iliyokuwa bado na uhai, tukayachomeka palipokuwa na mahindi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa na hasira. Ninayo hadi leo.

Jioni ile, kweli, ukisimama kwenye migomba uliona shamba la kahawa.

Ziara ikaahirishwa. Gari limeharibika, tuliambiwa, subirini kesho. Kesho yake tukaambiwa kesho kutwa. Na mvua, iliyokuwa ikinyesha bila kupumzika tangu Krismasi, ikakatika. Jua likawaka. Majani yakaanza kujikunja, kisha yakawa ya kahawia. Baba akanituma kuyamwagilia maji. Nilishuka na ndoo kichwani nikanywesha vijiti.

Siku ya tatu nilitumwa dukani kununua chokaa ya kupaka mawe ya njiani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, watu wake walitokea pwani zamani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chokaa ya nini tena?"

"Ya ziara."

Aliifunga kwenye gazeti polepole. "Huko kwa wazee wangu ukisema unakwenda ziara, watu wanajua unakwenda makaburini, kuwaombea waliolala." Alisema kwa upole tu, kama anayemfundisha mtoto. Lakini nilirudi nikikimbia, na nilipofika nyumbani sikutaka kutazama bondeni.

Magari yalifika siku ya nne. Tuliimba kwenye uwanja wa shule. Mgeni rasmi alikuwa mnene na mchangamfu, hana ubaya wowote usoni, na hilo lilinitia hofu zaidi. Baba alikaa mstari wa mbele, koti limefungwa hadi juu. Kila mgeni alipotaja kahawa, nilimwona akishika kifungo cha juu.

Mgeni alizungumzia soko huria. Wanunuzi watakuja wengi, alisema, mkulima achague mwenyewe. Alipokaribisha maswali, mzee mmoja akasimama, akauliza kama ile sheria ya kung'oa kahawa bado ipo.

Mgeni alicheka. "Mzee wangu, mambo hayo yamepitwa na wakati. Shamba ni lako. Ukitaka kahawa, lima kahawa. Ukitaka mahindi, lima mahindi. Nani atakufunga siku hizi?"

Watu wakapiga makofi. Baba naye alipiga, nilimwona. Kisha mtendaji akatangaza kwamba muda umewabana, msafara unawahi Mbamba Bay, na shamba la mkulima bora litatembelewa siku nyingine. Bwana shamba alikuwa akitazama mawingu. Vumbi la magari lilitua juu ya mawe yetu meupe.

Mama alipanda tena wiki ileile, lakini mvua haikumsubiri. Mibuni ya juu nayo, baada ya kukatwa vile, haikuzaa chochote. Mwezi wa nane, wenzetu walipokuwa wakianika mahindi uwanjani, sisi tulivuna magunzi ya urefu wa kidole.

Asubuhi moja mama alituogesha, akavaa kitenge chake cha kanisani, akakunja magunia matupu akayaweka kichwani. Tulikuwa tunakwenda Matiri, kwa kaka yake, kuomba chakula. Jirani alitukuta tunatoka.

"Mbona mmependeza hivyo? Kwema huko mwendako?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Mama hakugeuka.

"Tunakwenda ziara," alisema.

Baba aliingia ndani, akafunga mlango, na sisi tukashika njia ya Matiri.