Bilauri ya Bi Rukia

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukiishi Kariakoo juu ya duka la baba la vitenge, niliamini, kama nyumba nzima ilivyoamini, kwamba bilauri haipasuki bure. Ikipasuka mbele ya mgeni, bibi alisema, ni jicho la hasidi.

Mgeni wetu wa kila alasiri alikuwa Bi Rukia, fundi cherehani aliyepanga chumba cha jirani. Hakujaaliwa mtoto. Akifika tu humpakata mdogo wangu, Nasri, mpaka mama amalize kupika.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Mama akaniambia nimpe mgeni chai ya maziwa. Nikatoa bilauri kwenye friji, nikamwaga maji ya baridi yaliyokuwamo, nikamimina chai ikiwa bado inatokota, nikamwekea mbele yake.

"Jamani, mtoto kanona huyu," Bi Rukia alikuwa akisema.

Bilauri ikalia ta, ikapasuka toka mdomoni hadi kitakoni. Hakuwa ameigusa.

Bibi akamtazama. "Hata mashaallah hakusema."

Siku ya tatu Nasri akashikwa na homa. Ya tano akazikwa.

Bi Rukia alipokuja kutoa pole, mama alimzuia mlangoni.

"Mama Samira, mimi nilimpenda."

"Ndiyo maana," mama akajibu, akafunga.

Tangu hapo wanawake wa jengo letu waliwafunika watoto wao khanga akipita. Mwezi haukuisha akahama. Wakasema kavuka Kigamboni. Nilimwona akiishusha cherehani yake peke yake, ngazi moja moja. Sikumsaidia. Nilijifunika uso.

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu alitueleza kwamba kioo kikipata joto hutanuka, na joto hukipenya polepole. Ndani kumeshatanuka, nje bado kumekaza, ndipo kinapopasuka. Wenzangu waliandika. Mimi mkono haukwenda.

Jioni nikamwambia mama, "Bilauri ile niliipasua mimi."

Alikuwa akikunja nguo. "Na Nasri aliuawa na nani?"

Homa haina uso wa kuchukia.

Nimepanda kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni mara mbili kumtafuta Bi Rukia. Mara ya pili nikaambiwa alifariki zamani, na waliomzika walikuwa wapangaji wenzake.

Mama sasa ni mzee, na bado akilitaja jina lile hushusha sauti. Nimeacha kumbishia. Nikimwondolea mkosaji wake, sina wa kumpa badala. Marehemu Bi Rukia hana wa kumsemea ila mimi, nami nanyamaza.