Blogu ya Mtangazaji

Tangu saratani imnyang'anye sauti, mtangazaji mstaafu wa redio mjini Tromsø huongea kwa kuandika, vidole viwili tu vikidonoa kompyuta. Jirani yake Torbjørg alimwekea programu ya kugeuza maandishi kuwa kurasa za blogu. Amri anayoiandikia programu hiyo ikigoma, mzee hufuta miwani, kisha huiandika upya herufi kwa herufi. Leo asubuhi, ukurasa ukafunguka.

"Haya mzee, uko hewani!" Torbjørg akashangilia.

Mzee hakutabasamu. Akamgeuzia kompyuta, akagonga meza: soma. Torbjørg akasoma, "Habari za asubuhi, wasikilizaji wangu..."

Mzee akamkatiza kwa kidole, akaandika: "Polepole, jirani. Wasikilizaji wengine bado wanavaa viatu."

Torbjørg akaanza upya.