Pawa Saplai Niliyoipima kwa Mkono

Jamani, aibu nyingine mtu huizoea, lakini hii yangu ya Nyakakika hata leo nikiikumbuka niko peke yangu studio najikuta nafunika uso kwa viganja, na kwa kuwa vipande vyake mmeshavisikia kwa baba mdogo (ambaye kila akisimulia moshi unaongezeka), bora niwasimulie mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kuota mchana. Nina studio ndogo pale Omurushaka, nahariri video za harusi na kipaimara, na kompyuta yangu niliiunda mwenyewe kipande kwa kipande, kisha nikaiongezea kasi kuliko ilivyotoka kiwandani, mpaka video iliyokuwa inanila mchana kutwa ikawa inakwisha kabla chai haijapoa. Nikishusha pazia, taa zake za bluu zinatambaa ukutani, feni zinavuma taratibu, na mimi naelea: namwona Editha ndani ya nyumba yetu, migomba kule nyuma, mvua inapiga bati, watoto wawili, hata majina nilishawapa. Editha ni fundi wa sola Kayanga, tulikuwa mwaka wa pili tunapendana, na kilichobaki ni baba yake, mzee Domisian wa kule Nyakakika, kukubali.

Mzee alikuwa bado. Maisha yake yote alikuwa mpima mizani kwenye ghala la kahawa, na alishamwambia Editha kwamba haelewi mwanamume anayelisha nyumba kwa kukaa kwenye kiti. Basi nikaota tena, na hapo ndipo nilipojiharibia: siku ya kujitambulisha nitaibeba kompyuta yenyewe mpaka sebuleni kwake, nitarekodi tukiingia na kusalimiana, na kabla watu hawajamaliza kula nitakuwa nimeshaitengeneza video, mzee ajione kwenye skrini pamoja na wageni wake. Baada ya hapo nani angeninyima binti?

Tatizo likawa pawa saplai, lile boksi la chuma linaloigawia kompyuta umeme. Ya zamani ilishachoka, mashine ikikimbia sana inazima tu. Nilitaka yenye nguvu, tena ya zile ambazo nyaya zake zinachomoka, unachomeka unazohitaji basi, tumboni mwa mashine panabaki pasafi. Nikaenda mpaka Murongo, mpakani, nikakuta duka lina mbili. Moja ya kijivu, imepoa poa, ina karatasi ya dhamana, na mwenye duka anasema ikizidiwa inajizima yenyewe. Ya pili nyeusi inang'aa, stika ya dhahabu, imeandikwa wati mia nane na hamsini, nyaya zake zimesukwa kama nywele za bibi harusi.

Sasa sisi watoto wa Rugu tumelelewa na mkono. Mkungu wa ndizi unauinua, umejua. Gunia la kahawa unaliweka begani, umejua. Nikaiweka ya kijivu kiganja hiki na nyeusi kiganja hiki, nikafumba macho palepale dukani, bodaboda wanapiga honi nje mimi siwasikii, na ile nyeusi ikanivuta mkono chini, nzito, imeshiba. (Na mafundi wenyewe husema pawa saplai nzuri haiwi nyepesi, kwa hiyo msinicheke sana.) Nikainunua, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeipakata.

Siku ikafika. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, vilele tu ndivyo vinaonekana, mimi nimekaa nyuma kwenye gari la kukodi na kompyuta yangu ndani ya blanketi, baba mdogo mbele kakumbatia kibuyu cha rubisi. Hiyo pombe ya ndizi ndiyo iliyokuwa inazungumza kwa niaba yetu, maana mzee akiionja tumekubaliwa, asipoionja tunarudi nayo kwetu. Kibuyu kilikuwa kimoja tu. Mimi nilikuwa natazama ukungu na kutabasamu peke yangu.

Tulipokelewa vizuri. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye kikapu kidogo, baba mdogo akakiweka kibuyu sakafuni kando ya meza niliyopewa, mimi nikarekodi mambo yote hayo kisha nikachomeka mashine. Taa za bluu zikawaka na wazee wakasogeza viti.

"Hili ndilo shamba lako?" mzee akauliza.

"Ndilo, mzee. Na moyo wake umo humu," nikasema nikigonga ubavu wa kompyuta kwa kidole, "niliupima mwenyewe kwa mkono. Mzito."

"Aha," akasema mzee.

Ndizi zikaletwa, watu wakaanza kula, nami nikaiamuru mashine ifanye kazi kwa kasi yake yote. Feni zikapanda sauti, hewa ya joto ikanipiga magotini, nikafumba macho nikisikiliza ule mvumo na kuona harusi yangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimefika kwenye keki uliposikika mlio, pa, umeme wa nyumba nzima ukakatika, na nilipofumbua macho moshi ulikuwa unapanda kwenye dari, mweusi, unanuka plastiki. Shangazi yake Editha alikuwa anatoka jikoni, akauona. "Waitu, nyumba inaungua," akasema, akanyakua kitu cha majimaji kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kibuyu chetu. Akaimwagia kompyuta rubisi yote mpaka tone la mwisho. Mimi nilinyoosha mkono, nikachelewa.

Watu wakabaki na vijiko mikononi. Rubisi inadondoka kutoka mezani kwenye viatu vyangu vipya, baba mdogo anachungulia ndani ya kibuyu kama vile kuna mtu humo. Nilitamani ardhi inimeze. Editha akaichomoa mashine ukutani, akakataza isiguswe kwanza, na baada ya kitambo kirefu akaitoa ile pawa saplai na kuifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kibao kidogo cha saketi kisichozidi kiganja cha mtoto, na kando yake, limebanwa kwa gundi, tofali dogo la saruji.

Mzee Domisian akalishika, akalipandisha na kulishusha.

"Kwenye ghala walikuwa wananiletea mawe ndani ya kahawa," akasema taratibu. "Ndiyo maana tunalichoma gunia kwa bambo, punje za katikati zitoke tuzione. Wewe ni mtoto wa kahawa. Umeniletea jiwe sebuleni kwangu." Akaniangalia. "Na binti yangu naye ulimpima hivihivi?"

Hapa kuna kitu niliwaficha, naomba mnisamehe. Murongo sikwenda peke yangu.

"Mzee," nikasema, "Editha alikuwepo dukani. Aliniambia nichukue ile nyingine. Sikumsikiliza."

Mzee akamgeukia. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia, baba. Mara tatu."

"Na bado unamtaka?"

Editha akaniangalia, nimelowa viatu, nanuka pombe, na sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa zile sekunde.

"Namtaka," akasema. "Ila dukani nitakuwa naenda mimi."

Mzee akamtuma shangazi kwa jirani akaazime rubisi. Ilipoletwa akamkabidhi baba mdogo, akatuambia tutoke nje tuingie upya, maana yeye hajaona mgeni yeyote leo. Tukatoka, tukabisha hodi, "Shikamoo mzee," "Marahaba, karibuni," wazee wale wale wakajifanya hawatujui, na mzee akaonja.

Basi ndugu zangu, nimeapa. Siku hizi mke wangu akiingia duka la vifaa mimi nabaki nje kwenye pikipiki, naota ninavyotaka, hakuna anayedhurika, na akitoka nabeba anachonipa, wala siulizi kina uzito gani.