Ujia wa Mpishi Nyuma ya Nyumba ya Bwana Shauri

Nilitoka Kongowe ya Kibaha Alhamisi asubuhi kwa sababu Zena, binti wa shangazi yangu, alinipigia simu akihema. Zena ni muuguzi. Amehamishiwa Kwala, na nyumba ya serikali aliyopewa Kisarawe ilikuwa imeshapangiwa afisa mwingine.

"Kaka, mama hataki kutoka. Ndani kuna mwali, mjukuu wake, na ngoma ya kumtoa ni Jumamosi. Nenda wewe, mimi niko zamu."

Shule niliiacha mapema na kazi ya kunifunga sina, kwa hiyo safari hazinipigi chenga. Niliazima kirikuu, kigari cha mizigo cha rafiki, nikashika barabara ya Morogoro. Kiluvya nikakata kulia. Mihogo, mikorosho, kisha gari likaanza kulalamika: vilima vimeanza.

Kisarawe nilifika jua limepanda. Nyumba iko juu, penye hewa. Mwingereza aliijenga kwa ajili ya bwana shauri, ofisa wake wa wilaya. Kuta nene, baraza pana, madirisha ya wavu. Jiko liko mbali, uani, pamoja na vyumba vya watumishi. Kati ya jiko na nyumba kuna ujia wenye ukuta huku na huku, umeezekwa bati.

"Shikamoo shangazi. Huu ujia wa nini?"

"Marahaba. Hujanywa hata maji, unauliza kuta!" Akacheka, kisha uso ukajifunga. "Baba yangu alikuwa mpishi hapa. Humu ndimo alimopita na sahani, wageni wa bwana wasimwone. Mimi nilizaliwa chumba kile cha uani. Zena alipopewa nyumba kubwa, niliapa kule sirudi."

Kabla sijamaliza maji, lori likapiga honi. Akashuka afisa mpya, Bi Upendo, ametoka Moshi na watoto wake wawili.

"Shikamoo mama. Niliambiwa nyumba iko wazi."

"Marahaba mwanangu. Haiko wazi. Kuna mwali ndani. Hatoki kabla ya siku yake, wala mwanamume hamwoni."

"Lori linarudi leo, mama. Watoto wangu nikawalaze wapi?"

Wapakuaji walishafungua kamba. Mmoja akapanda barazani na godoro kichwani. Shangazi akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo.

"Bibi, tupishe. Huyo mwali ni wa dhahabu?"

"Ingia! Jumamosi tutakutoa wewe kwa ngoma."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwenye godoro hakucheka, akasogeza mguu. Ndani nikasikia msichana akilia kwa kujizuia. Bi Upendo akatoa simu, akasema anaipigia ofisi.

"Tumfunike shuka, nimpakie kwenye kirikuu," nikasema.

"Mjukuu wangu? Kama gunia la mkaa?"

Nikautazama ule ujia. Nilijua neno langu litamchoma, nikalisema hivyo hivyo. "Shangazi, mle mtu haonekani."

Alinitazama mpaka nikatamani ningenyamaza. Kisha akamgeukia Bi Upendo.

"Nitarudi uani na mjukuu wangu mpaka Jumamosi. Lakini siku hiyo hatatokea jikoni. Atapita nyumba kubwa, atokee barazani."

Bi Upendo akarudisha simu mkobani. "Mlango nitaufungua mimi mwenyewe, mama."

Wanaume tuligeukia barabara, hata yule wa godoro, nalo likiwa bado kichwani. Nyuma yetu nikasikia nyayo zikipita ujiani: nyepesi za mwali, na nzito za shangazi. Zile nzito zikasimama katikati. Kisha zikaendelea.

Jioni nilirudi Kongowe na kabati la Zena.

Jumamosi nikapanda tena kilima. Ngoma ilianzia uani, mwali akapitishwa sebuleni kwa bwana shauri, akatokea barazani kwa vigelegele, watoto wa Bi Upendo wakipiga makopo. Shangazi alimfuata mpaka barazani, akasimama pale pale, asitake kushuka.

Zamani nikifika kwenye nyumba za aina ile nilikuwa natazama paa na baraza. Siku hizi nazunguka nyuma kwanza, nione mpishi alikuwa akipita wapi.